Maporomoko Yenye Jina la Mtu: Cornet, Francqui na Ramani Tunazochora Sisi

Kuna namna moja ya kusimulia maisha ya Jules Cornet ambayo sisi tuliosoma Katanga tumeimeza kama dawa ya minyoo, bila kutafuna. Kijana wa Kibelgiji, akili nyingi, anafika huku mwaka 1892, anapiga mawe kwa nyundo, anashangaa, anasema inchi hii ni skandali ya kijeolojia. Kiisha anarudi kwao, anakuwa profesa kule Mons, na sisi tunabaki na skandali. Mwalimu anafunga kitabu, kengele inalia, tunakwenda kula bukari.

Mimi nilipenda ile hadithi, niseme ukweli. Nilipokuwa sekondari nilitaka kuwa mtu wa namna ile: kofia, daftari, mto wa kufuata mpaka mahali unapoanguka. Mambo ya nafasi na ya pesa yakanipeleka kwenye agronomia, na sijuti. Lakini mwaka juzi nilichora ramani moja ambayo mpaka leo inanisumbua, na ni juu ya ile ramani nilirudi kusoma tena maisha ya Cornet, safari hii nikitafuna. Ninayoandika hapa ni hukumu yangu juu ya kazi ya mtu ile, na pia juu ya namna tunavyoisimulia. Mwenye kuwa na maoni mengine aniambie, nitasoma.

Tuanze na mwaka 1891, juu bila ule mwaka hakuna Cornet. Leopold II alikuwa na haraka. Cecil Rhodes na kampuni yake walikuwa wanapanda kutoka kusini, na Katanga ilikuwa bado mikononi mwa Msiri, kule Bunkeya. Ndani ya mwaka mmoja hivi, misafara minne ya Wazungu ilifika kwake. Paul Le Marinel, mwezi wa nne. Alexandre Delcommune, mwezi wa kumi. William Stairs, mwezi wa kumi na mbili, na ni watu wake ndio walimuua Msiri tarehe 20 Desemba 1891. Wa mwisho, Januari 1892, ni msafara wa Lucien Bia na luteni wake Émile Francqui. Cornet alikuwa ndani ya huo wa mwisho, hajatimiza hata miaka 27. Walikuta mji umekufa na njaa kila mahali. Bia mwenyewe alifariki mwezi wa nane wa mwaka ule, kule Ntenke, na Francqui akashika uongozi.

Sasa chukueni ramani ya zamani ya umeme wa Katanga, zile za wakati wa Union Minière, muangalie majina. Baraji ya Mwadingusha, iliyoanza kazi 1930, iliitwa Francqui. Koni, 1950, iliitwa Bia. Nzilo, 1952, iliitwa Delcommune. Nseke, 1956, iliitwa Le Marinel. Mmeona? Misafara ya 1891 imekuwa turbini. Stairs peke yake ndiye hakupata kitu, labda juu alikuwa Mkanada aliyekuwa ameajiriwa tu, na alikufa njiani akirudi, huko Chinde.

Na Cornet? Yeye alipewa maporomoko. Ule mruko wa Lufira pale Mwadingusha, ramani ziliuita "Chutes Cornet". Kwa hiyo kituo cha umeme cha Francqui kilikuwa kinakunywa maji ya Cornet. Miaka mingi nilipita juu ya hayo majina bila kuona kitu. Siku nilipoona, nilicheka peke yangu ndani ya bisi ya Likasi mpaka mama mmoja akanihamia kiti.

Nitaanza na mema ya Cornet, maana yapo na ni makubwa. Alitembea. Sisi leo tunachora bonde kwa picha ya setelite tukiwa tumekaa kwenye kiti cha plastiki, yeye aliufuata Lualaba kwa miguu pamoja na Francqui, akiandika tabaka za mawe siku kwa siku, mgonjwa, wenzake wakifa. Alikuwa pia na jicho la mito. Baadaye, mwaka 1904, alitoa utafiti mkubwa juu ya jinsi mito ya Ubelgiji ilivyobadilika katika maelfu ya karne, na wanajiografia wa kwao mpaka leo wanamtaja kama mmoja wa waanzilishi. Kwa mtu wa namna ile maporomoko si mandhari tu. Ni mahali ambapo mto haujamaliza kazi yake: bado unakata mwamba, unashuka, unatafuta usawa. Kuelewa Lufira inaruka juu ya nini, na Lualaba inajibana pale Nzilo juu ya nini, ni kazi ya akili safi. Msafara wa Delcommune ulikuwa umefika Lualaba na mitumbwi ukitaka kuteremka, ukapigwa na yale magenge ya Nzilo. Kwa Delcommune yalikuwa kizuizi. Kwa Cornet, nafikiri, yalikuwa swali.

Kwa hiyo kama mwanasayansi namheshimu. Hata ile mineral ya buluu iliyopatikana kwenye mgodi wa Étoile, ambao wazee wetu waliuita Kalukuluku, ilipewa jina cornetite. Sawa. Anastahili jiwe.

Pale ninapoanza kukataa ni kwenye neno "aligundua". Migodi ya shaba ambayo Cornet alitembelea ilikuwa mashimo. Mashimo hayajichimbi. Basanga na wengine walikuwa wanatoa malakiti, wanayeyusha na makala, wanamimina misalaba ya shaba ambayo ilizunguka nusu ya Afrika ya kati karne nyingi mbele ya Mons kuwa na shule ya migodi. Walikuwa wanajua kusoma udongo: kilima gani kimekosa miti, majani gani yanaota mahali penye shaba. Sisi wa agronomia tunajua vizuri ile kitu, yale maua ya vilima vya shaba ni somo zima. Cornet alifuata mashimo ya watu, akayapa lugha ya kijeolojia, akayaweka kwenye karatasi iliyoweza kusafiri mpaka Bruxelles. Hiyo ni kazi kubwa, lakini si kugundua. Ni kutafsiri. Na mtafsiri anayejulikana kwa jina, wakati mwandishi hajulikani, kuna kitu hakijakaa sawa.

Upungufu wa pili unahusu ile hadithi yetu ya darasani. Tunamsimulia Cornet peke yake, bila Francqui. Ni kama kusimulia mbegu bila kusimulia mwenye shamba.

Angalieni maisha ya Francqui. Anatoka Katanga, anapelekwa China kama konsul, anaingia benki. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia anaongoza kamati ya taifa ya kulisha Wabelgiji, na watu wengi waliponea pale, tusimnyime haki yake. Mwaka 1926 anaingia serikalini wakati faranga ya Ubelgiji inaanguka, anasaidia kuisimamisha. Mwaka 1928 anakuwa mmoja wa waliosimamisha mfuko wa taifa wa utafiti wa kisayansi, ule ambao mpaka leo unalipa watafiti wa kwao. Na yote hayo akiwa mmoja wa vichwa vya Société Générale, ile iliyoshika Union Minière. Huyo ndiye mtumishi wa umma kweli kweli, lakini umma wake uko wapi? Hapo ndipo mimi ninakwama. Alihudumia nchi yake vizuri sana, kwa mali ambayo njia yake aliijua kwa miguu yake mwenyewe tangu 1892.

Cornet alifariki 1929. Kituo cha Mwadingusha kilianza 1930. Hakuona turbini hata moja ikizunguka juu ya maporomoko yenye jina lake. Francqui aliishi mpaka 1935.

Ile baraji ilijengwa juu ya nini? Tujibu kifundi kidogo. Mwanzoni shaba ya Katanga iliyeyushwa kwa makaa ya mawe yaliyonunuliwa Rodezia na kupandishwa kwa treni. Ghali. Kiisha madini yaliyobaki yalikuwa ya namna ambayo inafaa kuloweshwa katika asidi na kuvutwa kwa umeme, elektrolizi, na kiwanda cha Shituru kule Jadotville, Likasi ya leo, kilianza 1929 kwa kazi hiyo. Elektrolizi inakula umeme kama vile mutoto anakula muwa. Lufira ilikuwa karibu, inaanguka mita zaidi ya mia moja. Hesabu ilikuwa wazi. Lakini Lufira ina tatizo la mito yetu yote: mvua ni miezi mitano au sita, halafu kiangazi, na kiwanda hakina kiangazi. Lazima uweke maji ya akiba. Wakafunga mto pale juu, bonde likajaa, na ndiyo lile ziwa tunaita Tshangalele, kilomita za mraba zaidi ya mia nne.

Nishati jadidifu, tunaandika leo kwenye miradi yetu. Safi. Haina moshi. Na ni kweli, turbini ya Mwadingusha haikutoa moshi. Mimi sitaki kuwa mtu wa kusema kila kitu ni kibaya. Lakini mnajua bonde lile lilikuwa nini mbele ya maji? Bonde la Lufira, udongo mweusi wa mafuriko, ule ambao sisi wanafunzi wa pedolojia tunatafuta kwa tochi katika hii Katanga yetu ya udongo mwekundu uliochoka. Udongo bora wa mkoa mzima uko chini ya samaki.

Nilikaa kandokando ya lile ziwa majuma sita kwa ajili ya TFE yangu, juu ya bustani za kiangazi. Maji yakirudi nyuma, watu wanalima ukingoni: matembele, nyanya, mahindi ya mapema. Papa mmoja, mvuvi, ndiye alinipokea. Siku moja jioni alinionyesha katikati ya maji, mahali pasipo kitu, akasema, "Agronomu, shamba ya nkambo yangu iko mule. Baba alikuwaka anatuonyesha kwa kidole, na mi naonyesha wewe." Nikamuuliza kama walilipwa. Akaniangalia kwa huruma, kama vile mutoto ameuliza kama samaki anavaa viatu. Juu ya kichwa chetu, nyaya za haute tension zilikuwa zinaimba ile sauti yao ya nyuki. Ndani ya nyumba yake tulikula kwa mwanga wa tochi ya simu yangu.

Siandiki hii kwa kuwatoa machozi. Ni fundi tu: laini ya nguvu kubwa huwezi kuikata popote na kuingiza kijiji, inataka kituo cha kupunguza nguvu, na kituo kinajengwa pale mnunuzi alipo. Mnunuzi alikuwa kiwanda. Baadaye mwaka 1982 jambo lilelile lilirudiwa kwa kiasi kikubwa: laini ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ya mkondo wa moja kwa moja, ambao kuutoa njiani ni kazi ngumu na ghali zaidi. Inapita juu ya vijiji vya mikoa mizima bila kusema hata jambo. Na Mwadingusha yenyewe ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi 2021 na megawati 78 hivi, kwa fedha za wale wa mgodi wa Kamoa-Kakula, ambao kwanza walihitaji kuran. Wakati huo karibu Mkongomani mmoja kwa watano ndiye ana umeme nyumbani, na vijijini ni karibu hakuna. Jina la baraji lilibadilishwa miaka ya Zaire. Mahali nyaya zinakwenda hapakubadilishwa.

Bon. Sasa ile ramani yangu.

Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua soko la umeme kwa watu binafsi, na tangu hapo kuna miradi mingi ya baraji ndogo ndogo, na miradi inataka tafiti, na tafiti zinataka vijana wenye lisanse, GPS na pikipiki. Wengi wetu hapa tumekula kwa kazi hizo, tusifichane. Ofisi moja ya tafiti ilinichukua majuma matatu kuchora matumizi ya ardhi kwenye bonde la kijito kimoja. Kijani ni pori. Njano ni mashamba. Nyeupe ni ardhi isiyotumika.

Ilikuwa mwezi wa nane. Wenye kulima mnajua mwezi wa nane unafananaje: nyasi zimeungua, dambo ni nyeusi, muhogo wa mwaka wa kwanza unafanana na vijiti vilivyosahauliwa. Na mashamba yaliyopumzishwa miaka minne, mitano, kwa jicho la mgeni ni kichaka tu. Lakini mimi si mgeni. Nilikuwa naona matuta ya zamani chini ya nyasi. Naona mapera na miembe, ambayo porini haipo kwa bahati. Naona vichuguu vikubwa vimekatwa upande mmoja, ambavyo watu wanapanda mahindi juu yake kwa sababu udongo wake una chokaa. Nilihesabu vipande kumi na saba vya namna hiyo. Nikaviweka njano yenye mistari, nikaandika pembeni: mashamba yaliyopumzishwa.

Mkubwa wangu aliangalia, akasema, "Hakuna mazao hapo. Weka nyeupe. Mteja anataka ramani safi."

Niliweka nyeupe. Sikuwa nimelipwa bado. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nilijua kabisa kwamba ardhi nyeupe hailipwi fidia, na nilijua ile ibara ya 53 ya sheria ya 1973 ambayo inasema udongo wote ni mali ya Serikali, kwa hiyo kitu pekee kinachoweza kusimama kwa ajili ya mama mwenye shamba ni ushahidi kwamba analima. Ushahidi ule nilikuwa nao kwenye kompyuta, nikabonyeza rangi.

Ndiyo maana siwezi kumhukumu Cornet kwa sauti ya juu sana. Nikiwa naye sawa, yeye alichora mawe, na mawe yalikuwa pale alipoyachora. Mimi nilichora uongo kwa vyombo bora kuliko vyake mara elfu. Wako wanaosema kijana wa 1892 hakuweza kujua kazi yake itatumika wapi. Inawezekana. Sisi tunajua. Ramani ya mawe iliita migodi, migodi ikaita umeme, umeme ukaita ziwa, na ziwa lilikaa juu ya shamba la nkambo ya mtu. Ile minyororo iko wazi, imeandikwa, ina tarehe. Mwanajiografia au mwanagronomia wa leo anayesema "mimi nilichora tu" anasema kitu ambacho Cornet pekee alikuwa na haki kidogo ya kusema.

Na sipendi pia wale wanaomaliza mjadala kwa kusema tuache ramani, tuache baraji, zote ni mambo ya wakoloni. Papa wa Tshangalele hakuniambia anataka ziwa likaushwe. Alitaka waya mmoja ushuke. Kijito chenye kilowati mia mbili kinaweza kusaga mahindi ya vijiji vitatu, na wanawake wakapumzika. Nataka ile baraji ndogo ijengwe. Ninachokataa ni kujengwa juu ya nyeupe yangu.

Mradi kwa sasa umelala, fedha hazijatoka. Mwezi wa tano nilirudi kwa pikipiki yangu, na ramani niliyochora upya, njano yenye mistari, vipande vyote kumi na saba, nimeipiga chapa kubwa kwa mtu wa cité. Tuliitandaza chini kwa mama mmoja, mbele ya chifu wa lokalite na watu kumi hivi. Niliwaeleza nilichofanya mara ya kwanza. Hakuna aliyenitukana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama yule alitafuta shamba lake kwa kidole, polepole, akafuata kijito, akasimama.

"Agronomu, hapa umekosa. Kile kichuguu iko huku ya mayi, haiko ng'ambo. Ng'ambo ni ya shemeji yangu."

Nikatoa bic.